Bado

Barua niliipiga chapa mwenyewe, Jumanne,
theluji ikigonga dirisha la ghorofa ya pili
kama karani aliyechelewa.
Kwa: Kampuni ya Mazishi ya Pumziko la Tambarare.
Kutoka: Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Jimbo la Dakota Kusini.
Chini ya kifungu ninachokijua kwa moyo
kama mtoto ajuavyo jedwali la saba,
mnatakiwa kuleta, ndani ya siku ishirini na moja,
daftari, mikataba, taarifa za benki,
na jina la kila mtu aliyelipia jeneza
angali anakunywa chai yake ya asubuhi.

Sina bunduki. Watu hudhani ninayo.
Bibi Luverne Haugstad, miaka themanini na mitatu,
aliniuliza jikoni kwake,
alizeti zimeshavunwa, mashamba matupu hadi mwisho wa macho:
"Utamfunga lini?"
Nikamjibu, sina pingu. Nina maswali,
na sheria inayomkataza mtu kuyapuuza.
Akanitazama kama umtazamavyo fundi
aliyekuja kuziba paa na penseli tu.

Kisha akafungua kopo la unga,
akatoa stakabadhi, akaipuliza.
Dola elfu nne na mia sita, zimelipwa zote:
jeneza la mwaloni, mashada mawili,
kahawa ya watu sitini.
Arlo mwenyewe ndiye aliyechagua mwaloni,
maana alichukia kila kitu chepesi.
Machi alizikwa ndani ya mbao za msonobari
zilizonunuliwa kwa mchango wa kanisa.
Kahawa ilitosha watu kumi na wanane.

Wakili wa kampuni alijibu kwa kurasa tisa:
dai letu ni pana mno, zito mno,
ni kupindua nyumba nzima
kutafuta sindano ambayo hakuna aliyeipoteza.
Jaji Wieczorek akasoma, akavua miwani.
"Leteni," akasema. Basi.

Wakaleta.
Masanduku ishirini na saba, yamevurugwa makusudi:
orodha za bei za piza, ankara za majani ya farasi,
kadi ya siku ya kuzaliwa ya mtu aitwaye Skip.
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa;
huyu aliirefusha kwa kurasa elfu kumi na moja.
Renquist, mwenzangu, alizipanga sakafuni pekupeku
asizichafue,
na kwa wiki tatu tulitembea pembezoni mwa ukuta
kama watu waliomwamsha nyoka.

Sanduku la kumi na tisa.
Majina mia sita na kumi na mawili.
Fedha zao sheria ilitaka zilale benki, zisiguswe,
hadi siku ya kengele;
zilikuwa zimeamshwa usiku, zikavishwa viatu,
zikapelekwa kununua nyumba kando ya ziwa.
Na mkabala wa kila jina, kwa penseli, neno moja dogo:
bado.
Yaani hajafa. Yaani hatudaiwi.
Kwa Arlo lilikuwa limefutwa kwa kifutio,
si vizuri.
Bado linasomeka.

Naweza kumwapisha mtu na kumuuliza mara mia.
Naweza kuomba akaunti zigandishwe, leseni ifutwe,
nyumba ya ziwani inadiwe hadi kitasa cha mlango.
Siwezi kumfukua Arlo nikambadilishia mbao.
Hilo halimo katika kifungu chochote; nimetafuta.

Mwezi Oktoba hundi zilitoka.
Alhamisi simu ikalia.
"Hii imeandikwa jina la Arlo," akasema Luverne.
"Benki wanataka aje asaini mwenyewe."
Nikaanza kuomba radhi, nikivuta karatasi mpya,
Kwa: Meneja,
akanikata kauli:
"Usihangaike. Nimewaambia wangoje kidogo.
Bado hajaamka."